Mkono wa Mashine Yake

Jumatatu, 2 Juni

Binti amepiga simu. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 14, amepata likizo. Akasema, Baba, mashine ya santuri ya mama nitaondoka nayo, si unakumbuka aliniachia? Nitafutie boksi zuri. Nikasema sawa, mama, boksi za hamira pale kiwandani ni ngumu, nitakuletea mbili uchague.

Boksi! Laiti shida ingekuwa boksi.

Akaniambia pia kwamba ile barua yake wamejibu. Sikujua ni barua gani. Nilipotaka kuuliza salio likaisha.

Baada ya hapo nikafunua kitambaa. Sikuwa nimekigusa tangu Aprili. Mashine iko palepale juu ya kabati la santuri zake. Mkono wa kubebea sindano umepinda shingoni, unatazama ukuta. Sindano imekatika. Kile kizito cha nyuma, kinachoufanya mkono ukae sawa, kimo ndani ya kikombe cha chai nilimokificha. Nikajaribu kuunyoosha kwa vidole viwili. Ukalia kri! Nikaacha.

Marehemu mama yake alikuwa akiniambia mikono yangu imeumbwa kwa ajili ya unga tu, ikitoka nje ya unga ni hatari kwa taifa zima.

Nitatafuta mkono mwingine. Wa zamani, wa namna ileile. Binti asijue kitu.

Jumatano, 4 Juni

Nimetoka kazini nikaenda kwa fundi wa redio, yule wa nyuma ya duka la madaftari. Kibanda chake unaingia kwa ubavu. Redio zimepangwa hadi darini, nyingine hazina matumbo.

Nilikuwa nimeufungua ule mkono na kuufunga kwenye leso. Akaupokea kama mtu anayepewa mtoto wa ndege.

Akauliza, Mzee wa Mkate, umepigwa na nini huu? Nikasema mlango. Akasema, mlango ndio ulikuwa unapita, au mashine ndiyo ilikuwa inapita?

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanionyesha kishikizo kidogo pembeni. Mashine kama hii haibebwi, akasema, mpaka mkono ufungwe hapa na kizito kivuliwe. Mtoto wa shule angejua. Nani aliibeba?

Nikasema, jamaa mmoja tu.

Jamaa mmoja! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, nimegeuka jamaa mmoja.

Amesema mikono mipya haiwezi kukaa vizuri kwenye mashine ya umri ule, lazima utafutwe wa zamani mwenzake. Nirudi Jumamosi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetia chumvi mara mbili kwenye unga wa kwanza. Trei kumi na mbili. Wenzangu wakauliza kama leo tumekandia maji ya bahari. Msimamizi akanitazama tu kwa huruma, na huruma ile ndiyo inaniumiza zaidi. Wote wanadhani ni msiba unanichanganya. Ni msiba, ndiyo. Lakini si ule tu wanaoujua.

Niandike hapa basi. Kwingine sijasema.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili. Mke wangu alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mchana akalala, nikapata wazo. Nimhamishie mashine yake chumbani, akiamka aikute pale, karibu na mkono wake. Amefanya kazi maktaba ya santuri ya redio miaka ishirini na saba, santuri zote za nchi zimepita vidoleni mwake, halafu analala mbali na mashine yake mwenyewe, chumba cha pili! Wazo lilikuwa zuri. Nikaibeba peke yangu, nimeikumbatia kama gunia. Mkono ukatoka pale ulipolala, ukaning'inia, na nilipopinda kuingia mlangoni ukajibamiza kwenye fremu. Sauti ndogo tu. Nikairudisha sebuleni. Nikaifunika.

Akaamka. Akasema, niwekee ile ya jalada jekundu, upande wa pili, nitaisikia kutoka huku.

Nikasema umeme unachezacheza leo, haifai kuwasha mashine.

Feni juu yake ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Akaitazama feni. Nikatoka koridoni nikashusha swichi kuu.

Feni ikaenda mizunguko kadhaa, ikasimama. Nikamsikia kutoka ndani: Kweli, umekwenda.

Siku nne. Kila nilipotaka kuiinua ile swichi nikafikiria, umeme ukirudi ataomba santuri yake. Nikaiacha chini. Na joto lile la Aprili! Nilimpepea kwa kifuniko cha boksi. Mkono ukichoka nabadilisha. Mara nyingine nilisinzia na kifuniko kifuani, nikishtuka namkuta shingo imelowa. Simu yake niliichaji kiwandani. Alimpigia binti kila siku, wakaongea, na kila siku nilimsikia akisema, hapana mwanangu, umeme bado.

Ningeweza kusema mashine imeharibika. Maneno mawili! Angenicheka. Angeniita hatari kwa taifa. Lakini niliogopa nafasi ile moja kati ya kumi kwamba hatacheka. Kwamba uso wake ungebadilika, na mimi ndiye niliyeubadilisha, na muda wa kuurudisha haukuwepo.

Ijumaa asubuhi akaondoka. Watu walipoanza kubisha hodi nikaenda koridoni nikainua swichi. Niliporudi chumbani feni ilikuwa inazunguka juu yake. Shuka lilikuwa linatikisika.

Jumamosi, 7 Juni

Fundi amepata mitatu. Ameilaza juu ya gazeti.

Wa kwanza ni uleule. Umepinda kwa ule mtindo wa herufi S, rangi ileile ya fedha, hata mkwaruzo karibu na kichwa unafanana. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikasema huu! Fundi akasema subiri, mzee, huchumbii. Akaushika shina, akautikisa taratibu karibu na sikio langu. Ndani kukalia kama mchanga. Beringi zimekwisha, akasema. Hauendi laini, unakwama na kujivuta. Utakaa pale unapendeza, lakini utazila santuri.

Wa pili ni mwembamba, umenyooka, mwepesi kama mrija. Ulitoka kwenye mashine ya plastiki ya miaka ya baadaye. Akasema huu ni wa vijana, kichwa cha sindano ya mama kitauzidi uzito, utakuwa unainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kwenye mkutano.

Wa tatu ni mrefu, mweusi, mzito. Sura mbaya. Unafanana na kitu cha hospitali. Akausukuma kwa unyoya wa kuku — kweli, anao unyoya wa kazi hiyo — na mkono ukaenda wenyewe, taratibu, hadi mwisho, bila kutetemeka. Ulitoka studio ya redio walipouza vyuma vyao chakavu. Nikauliza redio gani. Akaitaja. Ni ile ya mke wangu. Pengine aliwahi kuushika. Pengine hapana, mashine zilikuwa nyingi.

Kasoro yake: urefu. Tundu la zamani kwenye ubao halitufai, lazima litobolewe jingine pembeni kabisa. La zamani ataliziba, lakini litaonekana. Yeyote atakayefunua kitambaa ataona.

Akasema, chagua. Mimi nikisikiliza kwa masikio, ni huu mweusi. Wewe sijui unasikilizia wapi.

Nikachukua wa kwanza.

Akaufunga kwenye mashine, niliyokuwa nimemletea. Nilimwomba akaze vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Imerudi nyumbani. Kwa macho huwezi kujua. Nimeizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, nimeinama, nimetazama toka mlangoni kama binti atakavyotazama. Hakuna kitu. Kama vile haikutokea.

Sikuthubutu kuweka ile ya jalada jekundu. Nikatafuta santuri ambayo hakuna atakayeililia, nikapata ile ya mazoezi ya viungo, mwanamume anahesabu na piano nyuma. Aliichukua redioni walipokuwa wanaitupa, eti kila mtu aliyeimba au kuhesabu ana haki ya kutunzwa.

Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, mbili, mbili, mbili.

Nikausogeza. Mbili, mbili. Nikauinua, nikaona chini ya sindano kivumbi cheusi kimejikunja kama unywele. Nikakigusa. Ni santuri yenyewe. Inalimwa.

Nikafunika.

Binti ataweka ya jalada jekundu siku ya kwanza. Najua. Nikauacha mkono palepale hata hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimejua barua ni ya nini. Laiti nisingejua.

Nilikuwa dirisha la kuuzia, muuzaji kaenda kula. Akaja yule fundi wa nguzo za umeme wa mtaa wetu, tunamwita Kunguru kwa sababu utamwona zaidi juu ya waya kuliko chini. Kila siku mikate miwili na maneno mengi. Leo mkate mmoja, na maneno hakuna. Akasimama tu.

Shikamoo mzee wangu. Marahaba, vipi leo mmoja? Akasema hamu imepungua nyumbani.

Halafu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yangu ameilalamikia ofisi ya umeme. Anaandika barua za wakili, kazi yake hiyo, kwa hiyo si barua ya mchezo. Kwamba mama yake mgonjwa alikaa siku nne bila umeme, tarehe 7 hadi 11 Aprili, joto kali, na hakuna fundi aliyefika. Ofisi imetazama daftari la mtaa — hakuna palipoandikwa umeme umekatika. Kwa hiyo wanasema Kunguru alijua na hakuandika. Alikuwa apandishwe kuwa msimamizi mwezi huu. Wamesimamisha. Jumatatu tarehe 16, saa tatu, anaitwa ajieleze.

Nilidhani anakuja kunigombeza. Nikangoja.

Akasema, mzee wangu, mimi nimekuja kuomba msamaha.

Nikasema wa nini?

Akasema, ule mtaa wote ulikuwa na umeme, nakumbuka. Basi itakuwa waya wa nyumba yako peke yake ulilegea pale juu ya nguzo. Mimi ndiye niliyeufunga mwezi wa pili. Nimepanda jana kuutazama, naona umekaza, lakini huwezi kujua, upepo. Kila nikilala namfikiria mama pale, anasubiri feni. Alinisalimia siku zote yule mama. Aliniita rubani.

Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu mzima, mkanda wa vyuma kiunoni, anakaribia kulia kwenye dirisha la mikate.

Na mimi nilisema nini? Nilisema: Usijali, kijana. Yaliyopita yamepita.

Nikamwongezea mkate wa pili! Nikamfungia kwenye karatasi. Akaukataa, nikamlazimisha. Akashukuru. Alinishukuru!



Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikakaa.

Leo nimeibeba mashine hadi kwa fundi. Safari hii kishikizo nimekifunga na kizito nimekivua, nimekitia mfukoni. Nilitembea katikati ya njia kama nimebeba bakuli la supu. Mwendesha baiskeli akanipigia kengele mpaka akachoka.

Nikamwambia fundi, nitolee huu. Niwekee ule mweusi.

Akasema, ule wenye sura mbaya? Ndiyo. Unaoonekana? Ndiyo, fundi, huo huo, kwani ipo mingapi?

Akapima toka katikati ya sahani inayozungusha santuri kwa kipande cha kadi, akatia alama ya penseli kwenye ubao. Ubao ule mke wangu aliupaka mwenyewe mafuta kila mwisho wa mwezi, kwa soksi yangu kuukuu. Fundi akashika keekee, akaniangalia. Nikishatoboa hairudi, mzee.

Nikasema toboa.

Vumbi la mbao likamwagika mezani, jekundu, na harufu ikatoka kama ubao umekatwa leo. Nikageukia redio zake mpaka akamaliza.

Akajaribu na santuri yake mwenyewe. Sijui nisemeje. Niliijua sauti ile ya sebuleni kwetu kwa miaka yote, na hii ilikuwa ileile, lakini kama mtu amefungua dirisha. Fundi akasema, jamaa yako aliyeibeba mashine, mwambie amebahatika.

Nikasema nilikuwa mimi.

Akasema, najua, mzee. Jamaa mmoja huwa haji mwenyewe na leso.

Kwa hiyo mkono nitausema. Hilo limekwisha, tundu liko pale, mtu yeyote ataliona. Swichi — sijui. Nimejiambia mkono ndio mlango, nikishaufungua nitaingia. Lakini najijua. Naweza kusimama mlangoni siku nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Amefika saa kumi jioni. Amekonda. Ananukia sabuni ya mama yake, alichukua vipande alipokuja kuzika. Alilala kwenye kochi na viatu miguuni, nikamvua. Hajafunua kitambaa. Amekitazama tu, akasema, bado, Baba, kesho.

Ana faili la kijani. Amesema Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya umeme, nami nitakuwa shahidi, ameshapiga chapa maelezo yangu, nitie sahihi tu. Nikamwambia yule kijana wa nguzo si mtu mbaya. Akasema, Baba, watu wazuri ndio wanaoua kwa kusahau. Wewe una huruma sana, ndiyo maana nimekuja.

Nilimpa maji. Sikuweza kumpa kingine.

Jumapili, 15 Juni

Amekifunua asubuhi, baada ya chai. Nilikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele. Akapitisha kidole juu ya kizibo cha tundu la zamani. Akasema, huu si mkono wa mama.

Nikasema si wake. Ule ulivunjika. Niliuvunja mimi, nilikuwa naihamisha mashine.

Na yeye — Mungu ambariki — akatabasamu. Mikono yako hiyo, Baba! Mama angekuita nani vile? Akaucheka ule mweusi, akauita mkono wa daktari wa meno. Akatoa ya jalada jekundu, upande wa pili, akaweka sindano kama alivyofundishwa, bila kupumua.

Tukakaa. Wimbo wa kwanza wote tukausikiliza. Lile faili lilikuwa mapajani mwake, anapiga mdundo juu yake kwa kidole. Katika wa pili akaniuliza, hivi hivi tu, macho bado kwenye sahani: Ulivunjika lini, mama alishaondoka?

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Angeamini, na tungemaliza santuri.

Nikasema, hapana. Alikuwepo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe saba Aprili.

Kidole kikaacha kupiga. Akatazama faili. Akalifungua, akasoma mstari wa kwanza wa maelezo yangu, ingawa aliuandika yeye.

Akasema, mchana?

Mchana.

Kabla umeme haujakatika au baada?

Nikasema, umeme haukukatika. Niliuzima. Aliomba santuri, nikaona haya kumwambia.

Nilisema haraka hivyohivyo, kama ninavyoandika. Maneno kumi hayafiki hata ukiyahesabu vizuri, na nimeyabeba miezi miwili. Santuri ikaendelea kuimba. Hakuna aliyeinuka kuizima. Ikafika mwisho, mkono ukawa unatembea kwenye ile sehemu tupu ya katikati, tsk, tsk, tsk. Mwishowe nikauinua mimi. Taratibu. Sikutetemeka.

Yeye aliinuka akaenda jikoni. Akafungua maji, akafunga. Nikamfuata mpaka mlangoni, akasema bila kugeuka, naomba uniache kidogo.

Baada ya muda mrefu akatoka na karatasi nyeupe. Yale aliyopiga chapa ameyachana, nimeona vipande kwenye ndoo. Akaweka karatasi mezani na kalamu. Akasema andika mwenyewe, kwa mwandiko wako, kesho saa tatu nitawapelekea pamoja na yangu ya kuifuta barua. Yule mtu apate kazi yake. Andika uliizima lini, saa ngapi. Uliiwasha lini, saa ngapi. Wataulizia saa.

Hajanitazama. Najua maana yake anapoacha kunitazama, tangu akiwa darasa la kwanza alikuwa hivyo.

Karatasi iko hapa pembeni ya daftari hili. Nimeandika jina langu. Nimeandika kwamba fundi wa nguzo hakufanya kosa lolote, nikapigia mstari. Nimeandika Jumatatu, tarehe 7 Aprili, saa nane na dakika kama ishirini mchana, nilishusha swichi kuu kwa hiari yangu.

Ya kuwasha bado. Saa naijua. Ijumaa, saa nne na robo. Alipofariki ilikuwa saa nne kasoro robo. Ya kifo binti anaikumbuka; akiiona ya kuwasha karibu nayo hivyo atajua kwamba sikuinua ile swichi kwa ajili ya mama yake hata mara moja, hata pumzi za mwisho. Niliiinua kwa ajili ya wageni.

Ameuliza kutoka jikoni kama nimemaliza.

Nimesema bado kidogo.

Amesema, ni saa tu, andika saa. Hakusema Baba. Sasa nasikia anavuta kiti, anakuja—